Ulinganisho: Usiku mmoja kwenye uzio wa mbele, au siku zote mbili kwenye viti vya juu?

Radi_ya_Jioni

Wadau, salaam. Naomba mnisaidie kupima jambo ambalo limekuwa likinizungukia kichwani tangu tarehe za ziara zilipotangazwa. Mimi ni shabiki wa Metallica, bendi ya Marekani ya muziki wa metali, tangu utotoni. Albamu zao nimezisikiliza hadi najua mahali ambapo James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa wao, huvuta pumzi kabla ya kuingia ubeti unaofuata, lakini sijawahi kuwaona kwa macho yangu wakipiga jukwaani. Safari hii nitawaona, hilo halina mjadala. Kinachonisumbua ni namna ya kuitumia fedha niliyoiweka akiba.

Kama wengi wenu mnavyojua, katika ziara ya M72, iliyoanzia Amsterdam mwezi Aprili 2023, utaratibu wa bendi katika miji mingi ni kupiga siku mbili bila kurudia hata wimbo mmoja kati ya siku ya kwanza na ya pili, na bendi zinazofungua nazo hubadilika. Jukwaa lenyewe ni pete kubwa iliyowekwa katikati ya uwanja wa mpira, na ndani ya pete hiyo husimama mashabiki, katika eneo linaloitwa Snake Pit. Fedha yangu inatosha jambo moja kati ya mawili: ama niingie siku moja tu katika eneo la kusimama, niwahi foleni mapema na kuushika uzio ulio mbele ya jukwaa, ama nichukue tiketi za siku zote mbili katika viti vya ghorofa ya juu, ambako wanamuziki wataonekana wadogo na macho yangu yatategemea skrini. Snake Pit yenyewe iko nje ya uwezo wangu, kwa hiyo tuiache.

Sihitaji kuambiwa nifuate moyo wangu, kwa sababu moyo wangu unataka vyote viwili. Ninachotaka ni waliowahi kuwa pande zote mbili wanieleze kila upande unatoa nini na unanyima nini.

Nyuzi_Sita

Mkuu, nianze kwa kukiri kwamba mimi ni mtu wa uzio na sina mpango wa kuhama. Sababu yangu kubwa ni mkono wa kulia wa Hetfield. Katika Master of Puppets, wimbo wa mwaka 1986, gitaa lake la msingi hupigwa karibu lote kwa mapigo ya kushuka tu, yaani kipigio hakiugusi uzi kinapopanda, na kwa kasi ile wapiga gitaa wengi tunaimudu kwa muda mfupi kisha mkono unakakamaa hadi kwenye kiwiko. Nimeutazama mkono huo kutoka hatua chache. Kifundo hutikisika kidogo mno, ukingo wa kiganja umelala juu ya nyuzi pale zinapoanzia ili kuzizima, na muda huohuo mdomo unaimba maneno yanayokwenda kwa mwendo tofauti kabisa, kana kwamba mkono ule ni wa mtu mwingine. Skrini haijawahi kunionyesha jambo hilo kwa ukamilifu, kwa sababu anayeongoza kamera hubadilisha picha kila baada ya sekunde chache, na mara nyingi humfuata Kirk Hammett kwa kuwa ndiye anayepiga solo.

Vilevile kuna mazungumzo ya macho. Lars Ulrich, mpiga ngoma, humtazama Hetfield usoni kabla ya mabadiliko mengi ya mwendo, na ukiwa karibu unaanza kuona nani anamsubiri nani. Mtu ambaye amezisikiliza nyimbo hizi maisha yake yote, kama wewe, huko ndiko atakakopata kitu kipya ambacho albamu haikumpa.

Kuhusu ugumu wa kuupata uzio, jukwaa la pete limetusaidia. Jukwaa la kawaida lina upande mmoja tu wa mbele, lakini pete ina mzunguko wake wote wa nje, kwa hiyo nafasi za uzio ni nyingi kuliko ulivyozoea kuona katika video za zamani. Hata hivyo, tarajia kusimama tangu mchana, na uulize mapema kama uwanja unautambua utaratibu wa namba ambao mashabiki hujipangia wenyewe kwenye foleni, maana kuna viwanja ambavyo walinzi huupuuza na kila mtu huanza upya langoni.

FundiMitambo

Nimefanya kazi ya sauti katika matamasha kwa miaka mingi, ingawa si kwa bendi hii, na naomba niseme jambo ambalo watu wa uzio hawapendi kulisikia: mahali wanapopagombania ni miongoni mwa mahali pabaya zaidi pa kuusikiliza muziki.

Zamani, wapiga gitaa waliweka ukuta wa vikuza sauti nyuma yao, na aliyesimama mbele aliyapata magitaa moja kwa moja kutoka jukwaani. Metallica wa leo hawapigi hivyo. Magitaa yao hupita katika vifaa vya kidijitali, na wanamuziki hujisikiliza kwa vidude vya masikioni, kwa hiyo jukwaa lenyewe lina ukimya wa kushangaza ukiliondolea ngoma. Spika kuu huelekezwa kwa maelfu ya watu walioko mbali, na aliyeko kwenye uzio hutegemea spika ndogo zinazowekwa kwa ajili ya watu wa mbele pamoja na besi nzito inayompiga kifuani. Matokeo yake ni kwamba anasikia ngoma na besi kwa wingi, huku sauti ya mwimbaji ikimfikia kama imetoka nyuma ya pazia.

Sasa tuje kwenye viti vya juu, ambako nako si salama sana. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika hewa yenye nyuzi joto 20. Ukikaa mita 70 kutoka spika iliyo karibu nawe, mpigo wa ngoma utakufikia baada ya takriban moja ya tano ya sekunde, ilhali picha ya fimbo ikishuka juu ya ngoma imekwisha kukufikia zamani. Wengine huzoea baada ya nyimbo mbili, wengine huwakera hadi mwisho. Tatizo kubwa zaidi ni zege na paa. Sauti za chini hugonga ukuta wa nyuma, hurudi, na hukutana na zile zinazokuja, na kwa muziki wenye ngoma za miguu miwili zinazokwenda mbio, mapigo yale huungana yakawa ngurumo moja isiyo na mipaka. Safu za mwisho kabisa, zilizoingia ndani chini ya paa, ndizo zinazoathirika zaidi. Safu za mbele za ghorofa hiyohiyo ya juu, zilizo wazi, zinaweza kuwa na sauti nzuri ajabu kwa sababu hapo upo usawa wa spika zilizoinuliwa na hakuna vichwa vya watu kati yako nazo.

Ukiniuliza ni wapi ningesimama mimi, ningetafuta meza ya kuchanganyia sauti na kukaa nyuma yake kidogo. Fundi anaufanyia muziki marekebisho kwa kile anachokisikia yeye pale alipo, kwa hiyo aliye karibu naye anasikia kile kilichokusudiwa. Wenye kurekodi matamasha walilijua hili zamani. Bendi ya Grateful Dead ilipowatengea eneo rasmi mwaka 1984, ililiweka nyuma ya meza hiyo.

Mzee_wa_Kaseti

Mwanangu Radi, wenzangu wamekueleza mahali pa kusimama, lakini swali lako kwa kweli linahusu nyimbo. Tazama kilichotokea Amsterdam. Usiku wa 27 Aprili 2023 walianza na Orion, wakamaliza na Master of Puppets. Usiku wa 29 walimaliza na Enter Sandman. Mtu aliyekuwa na tiketi ya siku moja aliondoka uwanjani bila kuusikia mmojawapo kati ya nyimbo mbili ambazo zimewaingiza watu wengi zaidi katika bendi hii. Kwa bendi nyingine hilo lisingetokea, kwa sababu vibao vikubwa hupigwa kila usiku, na siku ya pili huwa ni marudio yenye mabadiliko madogo. Kwa hawa, kununua siku moja ni kununua nusu.

Na Orion si wimbo wa kujazia nafasi. Hauna maneno, na besi yake ni kumbukumbu ya Cliff Burton, mpiga besi wao wa zamani, aliyefariki katika ajali ya basi la bendi nchini Sweden mwezi Septemba 1986, miezi michache baada ya kutoka kwa Master of Puppets, albamu yenye wimbo huo. Hawakuupiga mzima mbele ya hadhara hadi mwaka 2006. Sisi tulioukuta kwenye kaseti tulikuwa tumekwisha kukata tamaa ya kuusikia ukipigwa. Sasa Robert Trujillo, mpiga besi wa leo, anaupiga uwanja mzima ukiwa kimya, na wewe unataka kubahatisha kama siku yako ndiyo itakayokuwa nao?

Kuna jambo lingine ambalo limenitokea kila nilipopata bahati ya kuiona bendi niipendayo siku mbili mfululizo. Siku ya kwanza shabiki hasikilizi. Anakuwa na kazi ya kuamini kwamba wale ni wao, anajikuta anaimba kwa sauti kuliko mwimbaji, anatoa simu, anairudisha, anamtazama jirani yake kuthibitisha kwamba naye ameona, na kabla hajatulia nusu ya tamasha imekwisha. Siku ya pili anatuliza akili yake na kusikiliza. Anatambua kwamba mwendo umepunguzwa kidogo hapa, kwamba solo ile imebadilishwa mwisho wake, kwamba sauti ya Hetfield imezama kwa miaka na inakaa vizuri zaidi pale ilipozama. Siku moja kwenye uzio inakupa ile siku ya kwanza peke yake, tena ukiwa na kiu na miguu inayouma.

Bi_Uturi

Naomba niongeze sauti ya mtu mfupi. Mimi sifiki mabegani mwa wanaume wengi ninaosimama nao, na kwangu eneo la kusimama lina maana mbili tu: ama niwe kwenye uzio wenyewe, ama niwe mbali kabisa nyuma ambako kuna nafasi. Katikati ya hapo naona migongo na jasho. Kaka Nyuzi_Sita ameuzungumzia uzio kana kwamba ukishaupata umemaliza kazi, lakini saa zile zote huwezi kwenda msalani ukarudi ukaipata nafasi yako, na wimbo wenye kasi ukianza, uzito wa watu waliokuwa nyuma yako unakuja mgongoni.

Hili si la kutiana hofu, ila historia ya muziki huu ina mambo yake. Mwaka 1979 mjini Cincinnati, watu 11 walifariki langoni kabla ya onyesho la bendi ya The Who, walipokuwa wakigombea nafasi zisizo na namba, na mwaka 2000 mashabiki 9 walifariki mbele ya jukwaa wakati bendi ya Pearl Jam ikipiga katika tamasha la Roskilde nchini Denmark. Leo viwanja vikubwa hugawa umati kwa uzio wa pili na walinzi wanaotazama mbele ya jukwaa wakati wote, na hali ni bora sana. Hata hivyo, ukihisi kwamba miguu yako inatembezwa na umati bila ya wewe kuamua, kunja mikono mbele ya kifua ili kulinda nafasi ya kupumua, usipingane na wimbi, na ujisogeze kimshazari kuelekea pembeni likipungua.

Maoni yangu ni kwamba Radi aiangalie pia tiketi ya kusimama bila kuukimbilia uzio. Ukikaa nyuma, karibu na meza ya Fundi, unacheza, unapumua, unasikia, na pete ile inazunguka mbele yako.

Nyuzi_Sita

Nimewasoma wote. Dada Bi_Uturi yuko sahihi kuhusu usalama na sina la kupinga. Kwa Fundi na Mzee nina jibu moja kwa pamoja. Tangu mwaka 2004 bendi hii imekuwa ikirekodi maonyesho yake na kuyauza mtandaoni kupitia LiveMetallica, kwa sauti iliyochanganywa vizuri. Kwa maana hiyo, sauti ambayo Radi ataikosa kwenye uzio anaweza kuinunua baadaye, na siku ya pili ambayo hatakuwepo anaweza kuinunua pia, Orion ikiwemo. Kile ambacho hakuna anayemuuzia baada ya tamasha ni kusimama hatua chache kutoka kwa watu hao wakiwa kazini. Kwa nini basi atumie fedha yake kwa kile kinachopatikana, akiache kisichopatikana?

FundiMitambo

Hoja nzuri, ila rekodi ile si kile kilichosikika uwanjani. Inatokana na vipaza sauti vya jukwaani na vichache vya kunasa umati, kisha husafishwa. Haina besi ya kifuani wala haina hewa ya uwanja wenye watu makumi ya maelfu wanaoimba kiitikio kimoja, kila upande ukiwa nyuma ya mwingine kidogo kwa sababu ya ule umbali niliouzungumzia. Nimewahi kuisikiliza rekodi ya onyesho nililokuwepo nikajiuliza kama ni lilelile.

Kisha mmesahau kitu kuhusu pete. Ukishika uzio, umechagua upande mmoja wa mzunguko. Vipaza sauti vimewekwa sehemu mbalimbali, Hetfield huhama kutoka kimoja hadi kingine, na seti ya ngoma nayo huzama mahali pamoja ikaibuka upande mwingine wa jukwaa. Kuna nyimbo ambazo Nyuzi_Sita ataukazia macho mkono wa kulia, na kuna nyimbo ambazo atautazama mgongo wa Ulrich kutoka mbali, au hatamwona kabisa. Katika jukwaa la namna hii neno "mbele" halina mahali maalumu. Aliye juu ndiye pekee anayeliona onyesho lote kama lilivyobuniwa, pamoja na ile minara ya skrini inayolizunguka.

Nyuzi_Sita

Ni kweli wanazunguka. Lakini wanaporudi kwako, mkuu, wanarudi kweli.

Radi_ya_Jioni

Nawashukuru nyote, na niseme nilipofikia. Hoja ya pete imenigusa kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nauwaza uzio kwa picha ya maonyesho ya zamani, yale ya jukwaa lenye upande mmoja, ambako aliyewahi foleni alikuwa na uhakika wa kuwaona wote wanne kwa muda wote. Kama kwa tiketi hiyo nitapata robo ya onyesho kwa ukaribu mkubwa na robo tatu kwa kubahatisha, basi siku mbili zina uzito zaidi. Nimeuliza pia kuhusu pendekezo la Bi_Uturi, na katika uwanja ninaokwenda, eneo lote la kusimama lina bei moja, uwe mbele au nyuma, kwa hiyo halinisaidii kuzipata siku mbili.

Ninaelekea kuchukua viti vya juu kwa siku zote mbili, safu za mbele za ghorofa, nje ya paa. Nina maswali mawili yaliyobaki. Je, ninahitaji viziba masikio nikiwa mbali kiasi hicho? Na je, kuna namna ya kuzipata safu hizo kabla hazijafikiwa na walanguzi?

FundiMitambo

Unavihitaji. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango cha kumbi na matamasha, kwamba wastani wa sauti usizidi desibeli 100 kwa kipimo cha dakika 15, na hicho ni kiwango cha juu, si cha starehe. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inahesabu kwamba kwa desibeli 100 sikio hufikia kipimo chake cha siku nzima ndani ya dakika 15. Wewe utakaa hapo kwa saa mbili za bendi yenyewe, ukiacha wanaofungua, na kesho yake unarudi. Masikio yaliyochoka siku ya kwanza yatakunyang'anya siku ya pili ya Mzee wa Kaseti. Usinunue vile vya sponji ikiwa unaweza kuepuka, kwa sababu hukata sauti za juu kuliko za chini, na matoazi na maneno yanapotea. Tafuta vile vyenye kichujio, vinavyotengenezwa kwa ajili ya wanamuziki, ambavyo hupunguza sauti kwa uwiano. Muziki unabaki uleule, ila umeteremshwa.

Bi_Uturi

Kuhusu tiketi, jiunge na Fifth Member, klabu ya mashabiki ya bendi yenyewe. Kujiunga ni bure, na wanachama hupewa nafasi ya kununua kabla ya mauzo ya wazi. Fungua akaunti sasa hivi, usingoje asubuhi ya mauzo.

Nyuzi_Sita

Umenivunja moyo, mkuu, lakini nitakusaidia hivyohivyo. Beba darubini ndogo inayokuza mara nane, baada ya kuhakikisha kwamba uwanja unaruhusu. Mtu aliye mita 80 kutoka kwako ataonekana kana kwamba yuko mita 10. Usitazame kwayo muda wote, itakuchosha. Ihifadhi kwa ajili ya Master of Puppets, na uielekeze kwenye mkono niliokwambia.

Mzee_wa_Kaseti

Na langu la mwisho ni la msalani. Bendi za kufungua zikimaliza, kutakuwa na muda mrefu wa muziki wa kawaida kwenye spika, na watu hutawanyika kununua maji na fulana. Ukisikia wimbo wa AC/DC wenye zumari la Scotland ndani yake, It's a Long Way to the Top, uwe umekwisha kukaa, kwa sababu baada ya huo hufuata muziki wa Ennio Morricone, The Ecstasy of Gold, ambao wamekuwa wakiutumia kuingilia jukwaani tangu mwaka 1983, na uwanja mzima huuimba bila maneno. Nimewaona watu waliolipa fedha nyingi wakiusikiliza wakiwa kwenye foleni ya choo.